Ngozi ya Sarafu ya Baba

Mume wangu ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu katika habari inayofuata litasahaulika mara kadhaa, na mimi mwenyewe nililisahau kwa muda mrefu kidogo.

Kazi yake ni kutengeneza meno ya bandia. Ana chumba chake nyuma ya kliniki ya meno, chenye meza ndefu, taa mbili, mota ya kung'arishia yenye brashi ya duara, na rafu ambayo juu yake taya za plasta za watu asiowajua zimepangwa zikicheka. Chochote kinachopita mikononi mwake hutoka kinang'aa. Meno, ndiyo, lakini pia vijiko vyetu, bawaba za milango, zipu za mikoba yangu. Kuna wanawake wanalalamika kwamba waume zao wanakunywa. Wangu anang'arisha.

Baba yangu anaishi nasi tangu mama alipofariki. Alikuwa fundi saa mpaka mtoto wa jicho alipomwingia macho yote mawili. Yeye hakukubali kwamba ni macho. Kwanza alisema balbu za siku hizi hazina nguvu, halafu akasema magazeti yamepunguza wino, halafu akasema mimi nimeacha kuosha madirisha. Ulimwengu mzima ulikuwa unachakaa, mzima alibaki yeye peke yake. Nilibembeleza hadi nikachoka, na alipokubali hatimaye kumwona daktari wa macho, alikubali kwa masharti. Litapasuliwa jicho la kulia kwanza. La kushoto atalikabidhi akiridhika na kazi ya la kulia.

"Hata saa," alimwambia daktari, "fundi mgeni humpi mbili kwa mpigo."

Daktari alisema na yeye hufanya hivyohivyo, jicho moja kwanza, lingine baada ya miezi kadhaa. Baba alifurahi kama mtu aliyeshinda mabishano.

Sasa nije kwenye sarafu. Baba anakusanya sarafu tangu ujana wake, na anazitunza katika kabati dogo la mbao lenye droo nyembamba, chumbani kwake, limeegemea ukuta ambao upande wa pili ni jiko letu. Kila sarafu imo ndani ya pakiti ya karatasi nyeupe aliyoikunja mwenyewe. Nyingi ni sarafu za kawaida tu. Moja si ya kawaida. Ni ya nikeli, ya nchi iliyobadilisha fedha zake kabla sijazaliwa, na ina picha ya farasi. Siku ilipopigwa, chuma cha kupigia kiliteleza kidogo, na farasi akatoka na mikia miwili. Baba anaiita Mikia Miwili, na anaitaja kama watu wengine wanavyomtaja mtoto wao aliye ng'ambo.

Lakini mkia wa pili haukuwa ndio sababu ya kuipenda kiasi hicho. Aliipenda rangi yake. Ilikuwa ya kijivu kizito, pembeni ina wekundu wa asali, na chini ya tumbo la farasi buluu hafifu ambayo ulipaswa kuigeuzageuza kwenye mwanga ndipo uione. Baba anaiita rangi hiyo ngozi. Alinifundisha kwamba chuma huota ngozi chenyewe, kwa miaka, kwa hewa na karatasi na joto la nyumba, na kwamba ngozi ikichunwa haishonwi. Kwa hiyo sheria ya nyumba yetu ilikuwa moja: sarafu haisafishwi. Niliijua kabla sijajua kusoma.

Mume wangu pia aliijua. Ila aliisikia kama kisingizio cha mtu asiye na vifaa.

Baba alilazwa siku chache, kwa sababu shinikizo lake la damu lilikuwa juu na daktari hakutaka kumpasua hivyo. Nilikuwa nikitoka kazini, nina duka la vifaa vya ofisi, karatasi na bahasha na mengine ya namna hiyo, nikapita hospitali, kisha nikarudi nyumbani. Jioni ya siku ambayo jicho lilipasuliwa, nilimkuta mume wangu amesimama kando ya meza ya chakula, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayengoja zawadi.

"Mzee akifunguliwa jicho," akasema, "nataka kitu cha kwanza akione hiki."

Juu ya kitambaa cheupe ilikuwa Mikia Miwili. Iling'aa. Sijui niseme nini zaidi. Taa ya dari ilikuwamo ndani yake nzima nzima, na waya wake.

Nilivuta kiti nikakaa.

"Umetumia nini?"

"Unga wa mawe kwanza. Halafu ile chaki ya kumalizia, ya meno ya mbele."

"Ya meno ya mbele."

"Nisingemwekea ya magego. Ni baba."

Nilimweleza. Nilimweleza taratibu, kwa sauti ya chini, kwa sababu nilijua nikiipandisha haitashuka. Nilimwambia kuhusu ngozi, kwamba wakusanyaji wa sarafu wakiona mng'ao wa namna ile hugeuza uso, na kwamba alichokiondoa kwa dakika chache kilichukua miaka mingi kuliko umri wake. Alisikiliza, na nikaona rangi ikimtoka usoni kama alivyokuwa ameitoa kwenye sarafu.

"Inarudishwa vipi?" akauliza.

"Hairudishwi."

"Kila kitu kinarudishwa."

Basi akaanza kutaja njia. Kuifungia ndani ya chupa pamoja na yai la kuchemsha. Kuipasha kwenye moto wa gesi. Kuna dawa fulani ya kazini kwake inayofanya chuma kiwe cheusi kwa kufumba na kufumbua. Nikamwambia hizo zote baba anazijua na anazicheka. Sarafu hutoka na rangi za duka la vitambaa, na mtu yeyote mwenye macho hujua imepakwa. Akauliza kwa upole kama kuna njia ambayo baba haicheki.

Ilikuwepo. Nilipokuwa msichana, jirani mmoja alizisugua sarafu zake kwa majivu, akaja kwa baba analia. Baba alimkaripia kwanza, kisha akamsaidia, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikiangalia. Alisema hawezi kumrudishia ngozi ya zamani, ila anaweza kuiachia sarafu nafasi ya kuota nyingine. Kazi ya mtu ni kuondoa uchafu wa mkono wake na kisha kukaa mbali.

Nilifanya kama nilivyoona. Nilinunua asetoni safi duka la dawa, si ile ya kutolea rangi ya kucha ambayo ina manukato na mafuta. Nilifungua dirisha, nikafunga gesi, nikamwambia mume wangu aende akanywee chai kwa jirani. Nilitumia glasi, kwa sababu plastiki ingeyeyuka. Niliilaza sarafu ndani, nikaigeuza kwa kijiti bila kuisugua, na ile chaki ya meno ya mbele ikaachia taratibu kutoka katikati ya herufi. Nikaimwaga asetoni ile, nikaweka nyingine. Asetoni huondoa mafuta na dawa za kung'arishia lakini chuma chenyewe haikiumi, ndiyo maana baba anaikubali. Halafu nikaisuuza kwa maji ya betri, yale masafi yasiyo na chumvi wala tindikali, nikaishika pembeni kwa ncha za vidole na kuigusisha kitambaa cha pamba hadi ikakauka. Mikia ilikuwa bado miwili. Nilishukuru Mungu kwa hilo.

Kilichobaki kilikuwa karatasi. Dukani kwangu nina bahasha za kaki za zamani ambazo hazinunuliki, karatasi yake ni duni na imejaa salfa. Baba alinikataza tangu siku ya kwanza nisije nikaweka sarafu yake humo, kwani salfa hukipaka chuma rangi. Safari hii rangi hiyo ndiyo tuliyoitaka. Nilikata kipande, nikakificha katikati ya tabaka za pakiti nyeupe ya baba mwenyewe, nikaitia sarafu humo, nikairudisha droo ya juu, palepale ukutani penye joto la jiko. Madini ya fedha hubadilika upesi. Nikeli ni mbishi. Nilikadiria miezi mitatu hadi ipate rangi ya kudanganya mtu kwa mbali. Ya kumdanganya baba sikuwa na hakika kama ipo.

Mpango wetu ulikuwa kumzuia asiliguse kabati miezi hiyo yote. Ulidumu mpaka baba alipovuka kizingiti.

Alirudi na miwani nyeusi na chupa ya matone, amemshika mume wangu mkono. Alisimama sebuleni, akaivua miwani kidogo, akasema kumbe ukuta wetu ni mweupe. Akasema kumbe nina mvi. Akaangalia sinki, akaangalia shati la mume wangu, kila kitu anakisifu kwa jicho lake jipya. Halafu akaenda chumbani moja kwa moja, na kabla sijapata neno la kusema nikasikia droo.

Mume wangu alinitazama. Mimi nilitazama sakafu.

Baba alitoka ameishika sarafu kiganjani.

"Njooni muone," akasema. "Hii ndiyo rangi yake! Miaka yote hiyo nilidhani ule weusi ni ngozi yake. Kumbe weusi ulikuwa machoni mwangu! Yule daktari si mtu wa kawaida. Nilimdharau kwa sababu ni kijana, Mungu anisamehe."

Fundi saa aliyestaafu angejua kwa lenzi yake. Lakini ile lenzi hubanwa kwenye tundu la jicho, na daktari alikuwa amekataza kitu chochote kugusa jicho mpaka atakapotoa ruhusa. Kwa macho matupu, siku ya kwanza ya kuona, mtu anaweza kuamini chochote kinachong'aa. Ningeweza kusema ukweli palepale. Mume wangu naye angeweza. Lakini baba alikuwa anacheka, na nilikuwa sijamwona akicheka hivyo tangu mazishi ya mama, basi sote wawili tukatabasamu kama zile taya za plasta.

"Si umeona," mume wangu akaninong'oneza jikoni. "Limeisha vizuri."

Nami, mjinga, nikaona limeisha vizuri. Kile kipande cha kaki nilikiacha ndani ya tabaka za pakiti nyeupe, kifanye kazi yake taratibu. Nilijiambia siku daktari atakaporuhusu lenzi, bora baba aikute na rangi kidogo kuliko aikute uchi.

Baba alikuwa na desturi ya kuitazama Mikia Miwili kila Jumapili baada ya chai. Jumapili za mwanzo alikuwa anaimba. Baadaye akaacha kuimba. Baadaye tena nikamwona ameibeba hadi dirishani, kisha nje kwenye ngazi, kisha chini ya taa, anaigeuzageuza. Nilidhani anaifurahia.

Siku moja aliniita.

"Angalia hii. Unaionaje?"

Niliangalia. Kazi ya salfa ilikuwa nzuri, lazima niseme. Mng'ao ulikuwa umeanza kuzimika, na pembeni palikuwa na umanjano mwepesi wa majani makavu.

"Naiona nzuri," nikasema.

"Inang'aa?"

Hapo ndipo penye dhambi yangu. Nilihofia ataniuliza kwa nini haing'ai.

"Inang'aa, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akairudisha kwenye pakiti, akafunga droo. Tulipokuwa mezani jioni ndipo alipotutangazia, huku anamega mkate, kwamba jicho la kushoto hatalitoa lipasuliwe.

"Mzee!" mume wangu akasema. "Miadi si imeshapangwa?"

"Wampe mtu mwingine. La kulia linarudi lilikotoka."

"Daktari juzi alisema liko salama."

"Daktari anapima kwa herufi zilizobandikwa ukutani. Herufi zile nimezikariri. Mimi napima kwa sarafu."

Nikamwuliza kama ukuta hauoni mweupe tena. Akasema anauona. Na vikombe? Anaviona vizuri.

"Sasa, baba, tatizo liko wapi?"

Alinitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mtu anayenunua saa barabarani.

"Vikombe mnaviosha kila siku," akasema. "Ukuta mliupaka rangi mwaka juzi. Kitu kimoja tu humu ndani hakijawahi kuguswa na mtu, kwa hiyo chenyewe hakibadiliki ghafla. Nilipotoka hospitali ilikuwa inawaka. Sasa inafifia kila juma, na wewe mwenye macho mazima umeniambia bado inang'aa. Anayefifia ni nani?"

Nimeishi na wasomi na wasio wasomi, sijawahi kusikia hoja iliyopangika vile ikimpeleka mtu shimoni.

Nilipokuwa naosha vyombo, mume wangu alikuja akasimama nyuma yangu.

"Nina wazo," akasema.

"Usiwe nalo."

"Sikiliza kwanza. Kila Jumamosi, mzee akiwa kwa kinyozi au wapi, naipitisha kwenye mota kidogo tu. Jumapili anaikuta inang'aa. Jicho linapona."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apasuliwe la pili."

Aibu yangu ni kwamba nililifikiria. Nilisimama na sahani mkononi nikapiga hesabu ya wiki zilizobaki. Kisha nikakumbuka mikia. Brashi ile ikipita tena na tena, farasi angebaki na mkia mmoja, kisha asiwe nao kabisa, na mwishowe baba angekuwa anapima macho yake kwa kipande cha bati.

"Akipasuliwa la pili halafu tukaacha kuing'arisha," nikamwambia, "ataamini yote mawili yamekufa."

Hakuwa amelifikiria hilo. Alikwenda kukaa.

Kusema ukweli kulikuwa kumekuwa kugumu zaidi kuliko mwanzo, maana sasa baba angesikia kwamba sarafu iliharibiwa, na kwamba tulimwacha amshangilie daktari kwa mng'ao wa chaki ya meno, na kwamba binti yake alimwongopea machoni. Tulikuwa tunangojeana. Kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayefaa zaidi kuanza.

Miadi ilipokuwa imekaribia, nilirudi kutoka dukani mapema kuchukua miwani yangu ya kusomea niliyoisahau. Mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi. Alikuwa amesimama katikati ya chumba amefumba macho. Akanyoosha mkono, akapapasa hadi akapata ncha ya kitanda, akahesabu kwa midomo, akapata kiti, akapata kabati. Alifungua droo ya juu, akatoa pakiti kwa vidole, akaipima uzito, akairudisha, akachukua inayofuata. Alipokosea alirudi nyuma hadi mlangoni akaanza upya. Alikuwa anajifunza upofu, kwa bidii ileile aliyojifunzia saa.

Nilitoka kwa kunyata. Miwani sikuichukua. Niliingia kliniki kwa mlango wa nyuma, nikamkuta mume wangu ameinamia taya ya mtu, nikamwambia nilichokiona, na nikalia pale mbele ya meno yote yale. Alizima mota. Hakuniambia ana wazo. Alivua aproni, akanawa mikono, akatangulia, na njia nzima alikwenda mbele yangu bila kugeuka.

Baba alikuwa amekaa kitandani.

"Mzee," mume wangu akasema, bado yuko mlangoni, "sarafu niliisafisha mimi."

"Sarafu gani?"

"Mikia Miwili. Ulipokuwa hospitali. Kwa mota ya kazini."

Baba alimtazama muda, halafu akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Ule mng'ao," akasema.

"Ulikuwa wangu."

"Na huku kufifia?"

"Ni kazi yangu," nikasema. "Niliiwekea karatasi ya bahasha za kaki."

"Zile nilizokukataza?"

"Hizohizo."

Nilijiandaa kwa lolote. Akauliza:

"Uliiosha kwanza?"

"Kwa asetoni. Mara mbili."

"Dirisha?"

"Lilikuwa wazi, na gesi nilifunga."

"Maji?"

"Ya betri."

"Ulisugua?"

"Niliigusisha kitambaa tu."

"Angalau," akasema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, kama mtu anayeogopa jibu: "Kwa hiyo wewe, Jumapili ile niliyokuuliza, uliiona imefifia?"

"Niliiona, baba. Nilikudanganya. Nisamehe."

Aliinuka, akaenda kwenye kabati, safari hii macho yamefumbuka. Alitoa Mikia Miwili, na kutoka droo ya chini kabisa akatoa lenzi yake ya kazi. Daktari alikuwa ameshairuhusu zamani, ila yeye hakuwa na moyo wa kuijaribu. Alienda dirishani, akaibana jichoni, akainama. Mume wangu alikuwa ameshika mlango kama abiria.

"Mikwaruzo," baba akasema. "Inazunguka. Inaanzia juu inashuka kushoto. Ulishika kwa mkono gani?"

"Wa kushoto, mzee."

"Na hapa nyuma ya farasi ulikaa sana."

"Nilidhani ni doa. Lilikataa kutoka."

Baba aliinua uso.

"Ulidhani mkia ni doa."

"Mmoja," mume wangu akasema.

Baba akarudi kwenye lenzi. Alikuwa anaigeuza sarafu polepole na anahesabu kwa sauti: huu hapa, huu mwingine mwembamba kuliko unywele, huu umeukata wa kwanza, huu umepita juu ya jicho la farasi. Kumbe farasi yule ana jicho, mimi sikuwa najua. Alikuwa na jicho siku zote? Sauti ikaanza kumkatika. Nilidhani ni hasira, nikasogea nimshike, nikaona machozi yanashuka kwenye lenzi, na anacheka.

"Nauona kila uovu wako," akamwambia mume wangu. "Kila mmoja! Nilikuwa nimeshaziaga sura zenu, nyie watu. Nilikuwa nimeshaanza na yako, kwa kuwa ndiyo ngumu kukumbuka."

Nilimkumbatia, nikahisi mbavu zake zikitikisika. Mume wangu alibaki mlangoni, hakujua kama amealikwa.

"Umeniharibia sarafu, umenirudishia jicho," baba akasema juu ya bega langu. "Sijui nikushukuru au nikufukuze. Niletee chai kwanza."

Msidhani iliishia kwenye chai. Furaha ilikwisha, hasira ikafika, na ilikuwa kubwa. Karibu juma zima alikula chumbani. Mimi aliniambia kwamba sarafu iliyosafishwa inaweza kuota ngozi mpya ya heshima, na kwamba kazi yangu haikuwa mbaya, lakini mikwaruzo ngozi haiizibi, inaifunika tu. Na siku akifa, mtu yeyote asithubutu kuiuza Mikia Miwili kama sarafu ambayo haijaguswa. Kuitengeneza si dhambi, akasema, dhambi ni kunyamaza. Nilijua haongelei sarafu peke yake, nikainamisha kichwa.

Asubuhi ya jicho la pili aliamka kabla yetu. Tulimkuta amevaa, amekaa kando ya dirisha, Mikia Miwili mkononi. Kiganja cha kulia kilikuwa kimefunika jicho la kulia, lile zima. Anaitazama kwa la kushoto tu, lile lenye ukungu, lile tunalompeleka likasafishwe.

"Unaumwa?" nikamwuliza.

"Njooni hapa. Wote wawili."

Tukaenda. Mkononi mwake naiona bado: kijivu chembamba, umanjano pembeni, na chini yake mizunguko ya brashi ambayo mtu akishaoneshwa hawezi tena kutoiona.

"Kwa jicho hili," baba akasema, "ina asali yake yote. Ina hata ile buluu ya chini ya tumbo. Kwa jicho hili hakuna mtu aliyewahi kuigusa."

Nilitaka baba aseme kwamba si kitu. Hakusema, kwa kuwa kilikuwa kitu.

Aliendelea kuitazama, hana haraka, mpaka chai aliyoandaliwa ikapoa. Halafu akaitia kwenye pakiti, akaikunja vizuri pembe zote, akampa mume wangu airudishe kwenye droo.

"Haya," akasema. "Washa gari kabla sijaghairi."